Fomu Niliyomsainia Mama Consolata

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Upepo wa kaskazini umevuma tangu asubuhi hapa Mesquite. Jua lipo, lakini halina kazi.

Mwanangu, jana ulinipigia kutoka huko kwako Gulfton ukaniambia hoteli yenu ina chama cha wafanyakazi, na wamekupa fomu ya kujiunga. Ukasema, "Baba, nipe tu, yes au no." Nikanyamaza, ukadhani simu imekatika. Haikukatika. Ilinirudia siku moja ambayo mpaka leo inanitia haya, na mdomo ukakataa. Kwa kalamu naweza kwenda polepole. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa hiyo nikikosea jambo la sheria waulize wanaojua.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi, mwaka wa pili tangu tufike Texas. Nilifanya kazi kwenye ghala moja hapa Mesquite, na kwa kuwa nilitangulia kupata leseni, nilinunua gari kuukuu la viti saba nikawa nawabeba kwenda kazini Warundi wenzangu watano. Mtu akiwaendesha wenzake kila siku, huanza kujiona mwenyekiti. Nami nilijiona. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa Mama Consolata, mjane wa maneno machache, aliyekaa kiti cha mbele na rozari yake mkononi.

Ghalani kulikuwa na chama. Mwakilishi wake alikuwa Rosa, mama wa Kimeksiko mwenye miwani mikubwa. Wakati wa mapumziko alinipa fomu, akanieleza taratibu kwamba katika jimbo hili hakuna anayelazimishwa kujiunga wala kulipa ada. Anayetaka atie sahihi, asiyetaka aache. Nikamwambia, nipe sita. Nikachukua majina ya wenzangu, nikajaza zote na kuzitia sahihi zote sita kabla chai yangu haijapoa.

Usicheke. Kambini ndivyo tulivyoishi. Kadi ya posho ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na mkubwa wa nyumba alitia dole gumba kwa niaba ya wote. Nani alimwuliza mtoto kama anataka unga? Nilidhani nawachukulia watu wangu unga. Nilisahau kwamba wale hawakuwa watoto wangu.

Makato ya ada yakaonekana kwenye hati za mshahara. Wanne walinung'unika kidogo wakaacha. Mama Consolata aliniuliza garini, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jina langu limefikaje kwenye orodha ya watu?"

"Nilikusaidia, mama. Ni kwa faida yetu sote. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa unakula."

"Nimekuwa nikila tangu nizaliwe, kijana. Na watu huniuliza mambo."

Évariste, aliyekaa nyuma yangu, akaangua kicheko. Yeye Mama Consolata hakucheka. "Mume wangu alisomwa kwenye orodha," akasema. "Walikuja na karatasi, wakaita majina, naye akaitika, wakaondoka naye. Simamisha gari."

Nikasimama penye kituo cha mafuta, akashuka. Tangu siku hiyo akawa hapandi. Na ghala lile halikuwa na basi, mwanangu. Alidandia gari la yeyote aliyemwonea huruma, akachelewa mara mbili. Pale kazini kuchelewa mara ya tatu ni kufukuzwa, na kila mtu alijua.

Nakiri kwamba mwanzo nilikasirika. Nikasema, asiyeshukuru na atembee. Kisha asubuhi moja nikamwona anatembea kweli, kando ya barabara kuu, kitenge juu ya koti, malori yanampita karibu. Nikasimama kumwita. Hakugeuka.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Rosa nikamweleza yote. Nilitumaini atanitetea, maana nilimletea watu sita kwa mkupuo. Akavua miwani.

"Miaka yote natafuta watu," akasema, "na ningependa wote wajiunge. Lakini niletee mtu aliyekuja kwa miguu yake. Wa kubebwa simtaki."

Akasimamisha makato ya Mama Consolata, akafanya arudishiwe yaliyokwisha kukatwa, akanipa ile fomu. Akaniagiza nikawaulize na wale wengine mmoja mmoja. Wawili wakabaki, akiwemo Évariste. Wawili wakatoka.

Fomu niliipeleka mlangoni kwa Mama Consolata, nikampa kwa mikono miwili kama tunavyowapa wakubwa, nikaomba radhi. Akaitazama sahihi yangu, akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Kesho unapita saa ngapi?" akauliza. Kesho yake alipanda, ila alikaa kiti cha nyuma kabisa. Cha mbele alikirudia baada ya Pasaka.

Baadaye paleti, yaani kichanja cha mbao cha kupangia mizigo, ilianguka na vioo vyake, wakamsingizia yeye, wakataka kumfukuza. Rosa aliingia naye ofisini, akabishana mpaka ikajulikana kwamba waliofunga vibaya ni watu wa zamu nyingine. Maana chama, kama nilivyoelezwa, hutakiwa kumtetea kila mfanyakazi kinayemwakilisha, awe amejiunga au la.

Évariste hakupendezwa. "Sisi tunakata kuni," akasema garini, "wengine wanaota moto."

"Una haki ya kusema hivyo," Mama Consolata akamjibu. "Ila jina langu silitoi. Mikono ninayo."

Ikawa kila mkutano wa chama analeta maandazi. Évariste alikula manne, akafuta mdomo. "Matamu," akasema, "lakini maandazi si ada."

Sijui mpaka leo nani kati yao alikuwa na haki zaidi. Kama sote tungekaa pembeni, Rosa angeingia ofisini na nguvu za nani? Lakini wazee walisema hiari yashinda utumwa, na niliyemwingiza kwa nguvu nilipata jina lake tu, mwenyewe sikumpata. Mimi nililipa ada mpaka siku niliyoacha kazi, na sijutii. Hayo ni yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, yes au no sitakupa. Soma fomu mpaka mwisho. Kaa na anayelipa, kaa na asiyelipa, uwasikilize wote bila haraka. Ukijiunga, nenda mikutanoni, usiwe jina tu. Usipojiunga, usiwacheke wanaolipa, na siku watakapokutetea tafuta la kuwafanyia. Na mwenzako usimtilie sahihi kamwe, hata kama unampenda, hata kama una hakika unamwokoa.

Mungu akupe wenzi wa kweli kazini, aulinde mgongo wako kwenye kutandika vitanda vya watu, na jina lako liandikwe pale tu ulipotaka mwenyewe.

Jioni hii tumekula ndizi za kupikwa na maharagwe, na dagaa waliobaki jana. Mama yako ameweka bakuli moja kwenye friza, anasema utakuja Krismasi.