Maziwa ya Octave

Anselme Courtial alipanga barua katika posta moja ya Paris kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mtu kazini aliyejua kwamba katika ukumbi mdogo wa sinema, mtaa wa wanafunzi, watu walimgeukia yeye kwanza kabla ya kutoa maoni yao. Kila Jumamosi alasiri aliketi safu ya tatu, kiti cha pembeni, daftari gotini. Klabu yao ilikuwa na mchezo wake. Mwongozaji akiazima picha ya mwongozaji mwingine kwa heshima, iwe kivuli mlangoni au kofia iliyosahauliwa kitandani, wao waliita salamu. Aliyeiona hunyoosha kidole gizani. Asiyeona hata moja huwanunulia wenzake kahawa. Anselme hakuwahi kununua.

Jumamosi moja ya Novemba 1996 alikuja na shauri jingine moyoni. Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya kwanza ya Solène, binti wa Octave Lerminier, fundi wa projekta wa ukumbi huohuo, na Octave alikuwa anastaafu siku hiyo. Yeye na Anselme hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na minne, zaidi ya kutikisiana kichwa ngazini. Ujanani walishibana. Octave alitengeneza filamu moja tu, ya dakika tisa, jikoni kwa mama yake. Anselme akaandika katika jarida la klabu kwamba picha yake nzuri kuliko zote, ya maziwa yanayofurika mpaka moto unazimika, iliibwa kwa mwongozaji bingwa mmoja wa Prague. Filamu hiyo ya Prague Anselme alikuwa ameiona mwezi uliotangulia, na alijua vizuri kwamba Octave hajaiona. Lakini alitaka watu wajue kwamba yeye ameiona. Octave hakushika kamera tena.

Sasa Anselme alitaka yaishe. Njia ya kumheshimu mtu aliyoijua ilikuwa moja tu: angesimama mbele ya watu na kuonesha kwamba hakuna salamu ya binti huyo iliyompita.

Solène alimkuta mlangoni.

"Baba mdogo! Umekuja kweli?"

"Ningekosaje? Baba yako yuko juu?"

"Yuko, na tai shingoni. Tangu asubuhi ananigombeza eti mkanda wa tatu una mkwaruzo." Akacheka, kisha akamshika mkono wa koti. "Tazama vizuri, eh? Usiandike sana."

"Wewe mtoto, leo unanifundisha mimi kutazama?"

Taa zikazimwa. Anselme aliiona salamu ya kwanza hata kabla jina la filamu halijatoka, na walipofika mkanda wa nne alikuwa na saba. Kisha likaja jiko, sufuria ya bati, na maziwa yanayopanda polepole. Kidole chake kilikwenda juu kabla maziwa hayajafika ukingoni. Akainama kuandika. Alipoinua macho, picha ilikuwa nyingine.

Taa zilipowaka hakuna aliyetoka. Mjadala ndio ulioleta nusu ya watu. Bibi Quintard, mwenyekiti wa klabu, akamnyooshea Anselme kipaza sauti.

"Haya, Courtial, usituweke roho juu. Ngapi?"

"Nane."

"Nane! Sisi wengine tulikuwa tumelala?" mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Anselme akazitaja moja baada ya nyingine, kila moja na mwenyewe, na ukumbi ukaguna kwa kuridhika. "Na ya nane ni maziwa," akamalizia. "Hiyo ni ya bwana wa Prague. Imetumika kwa adabu kabisa."

Solène, aliyekuwa amesimama chini ya pazia la sinema, hakutabasamu.

"Mwisho wake uliuona, baba mdogo?"

"Maziwa yanafurika, moto unazimika."

"Kisha?"

Anselme akatazama daftari lake.

"Kisha mkono unaingia na kibiriti kuwasha tena," Solène akasema. "Mkono wa kijana, shati limembana, halifiki kwenye kifundo cha mkono. Hiyo ya Prague sijaiona maishani mwangu. Nimeona ya baba, ukutani sebuleni kwetu, mara mia."

Nyuma yao, kidirisha cha chumba cha projekta kikawa giza.

Anselme alipanda ngazi za chumba cha projekta, ambazo hakuwa amezipanda tangu ujana. Octave alikuwa akipakia mkanda ndani ya kopo lake.

"Octave. Nilidhani..."

"Hukudhani. Mwaka ule ulijua. Leo ndiyo umesahau." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkono ule katika filamu yangu ulikuwa wako. Shati lile lilikuwa langu, ukaliazima ili utokee vizuri. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni."

Anselme akautazama mkono wake mwenyewe kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwingine. Ulikuwa umesimama pale juu, kwenye pazia, ukubwa wa mlango, na yeye alikuwa ameinama anaandika.

"Sikukumbuka," akasema.

"Solène alisema utakumbuka. Tuliwekeana dau." Octave akabana kifuniko cha kopo. "Mimi nilitaka ashinde."

Akavaa koti, akampa mkono jinsi mtu anavyompa mgeni, akatangulia kushuka.

Anselme alipeleka kwenye jarida masahihisho ya yale aliyoyaandika zamani: mistari minne, iliyochapishwa chini ya matangazo ya ada za uanachama. Alimtumia Octave nakala, akangoja jibu kwa wiki, kisha miezi. Aliyepanga barua za mji mzima alijua kwamba ilifika.

Aliendelea kwenda kila Jumamosi, bila daftari. Bibi Quintard akimuuliza ngapi, husema hakuona, kisha hutangulia mkahawani kulipia kahawa ya wote.