Lita Moja Moja

Hantanirina, au Hanta kama tunavyomwita, ni dereva wa teksi hapa Antananarivo, na tangu nimjue hajawahi kukubali jambo kwa kuambiwa tu. Atauliza, atapima, kisha atauliza tena. Mumewe Jaona alipofariki, alibaki na leseni moja ya teksi na magari mawili: Sitroeni 2CV ya marehemu, na Reno 4 aliyorithi kwa baba yake. Moja lazima liuzwe ifikapo Jumatatu, na litakalobaki ndilo litakalomlisha.

Mimi ni fundi wa mtaa huu, na upande wangu unajulikana.

"Dada, unafikiri nini tena?" nilimwambia. "Sitroeni ina pistoni mbili tu, haina rejeta, haina maji ya kuchemka. Hata kilo mia sita haifiki. Hiyo Reno ni kabati lenye magurudumu!"

"Kabati lina pistoni nne, Naina. Na nguvu za farasi thelathini na nne. Ya Jaona ina ishirini na tisa."

"Farasi wengi, majani mengi."

Akacheka, akaingia chini ya Reno na futi kamba yangu. Alikaa huko mpaka nikadhani amesinzia.

"Njoo uone! Upande huu gurudumu la mbele na la nyuma yameachana zaidi kuliko upande ule. Karibu sentimita tano!"

Nikasema imegongwa huko nyuma. Akaenda kupima Reno ya jirani, ikawa vilevile. Kumbe ndivyo zilivyoundwa. Miaka ishirini nazifungua na kuzifunga, sikuwahi kuliona hilo. Niliona aibu.

Jumamosi asubuhi akaleta chupa ya plastiki. Mafuta ya teksi zetu hukaa kwenye chupa, miguuni, tangi tulishalisahau. Kila gari likapewa lita moja. Njia ikawa ile ile: kutoka Analakely kupanda hadi Andohalo, kuteremkia Mahamasina, kurudi Analakely, tena na tena, mpaka injini ife yenyewe. Sitroeni ilifia kilomita ya kumi na sita. Reno ikafika kumi na nane.

Nilikasirika kama niliyeibiwa. Nikamwambia arudie, nami nipo ndani. Tulipofika juu Andohalo, mteremko ulipoanza tu, nikauona mkono wake.

"Umezima!"

"Nimezima nini?"

"Injini, dada!"

Akautazama ufunguo kama si yeye aliyeugeuza. Sote huku tunazima mteremkoni kuokoa mafuta; mkono unafanya, kichwa hakina habari. Reno ni nzito, basi inabingirika mbali zaidi bila kunywa kitu. Tulikuwa tumepima uzito, si injini.

Tukaanza upya, injini zikiunguruma hadi chini. Sitroeni kumi na tatu, Reno kumi na moja.

"Umeona?" nikapiga makofi. "Jaona alijua!"

Jaona peke yake hakuwa akizima. Madereva walimtania kwamba anachoma mafuta bure kumchemshia Mungu chai. Yeye alijibu kuwa anapenda kusikia gari lake likiongea.

Hanta aliketi na chupa tupu mapajani. Nilijua anaitaka ya mumewe. Ndiyo maana alipima sana, moyo usimdanganye.

"Sitroeni inashinda kwa mkono wa Jaona," akasema. "Na mkono huo uko kaburini na babu zake. Huu wangu utazima tu, Naina. Nitabaki na Reno."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuiosha Sitroeni ya kuuzwa.

Jumatatu akaja mnunuzi, dereva wa Ambohipo. Hanta alimpa ufunguo, lakini hakuuachia mara moja.

"Mteremkoni usiizime, kaka. Haijazoea."

"Mama, nani asiyezima?" yule bwana akacheka, akaondoka.

Tulisimama mlangoni tukiisikiliza ikienda. Ilipofika mteremko wa mtaa wetu, ikanyamaza. Hanta akachukua kitambaa changu cha grisi, akajifutia macho nacho.