Hodi kwa Mashine

Mwendesha mashine ya kukandia unga kiwandani kwetu tunamwita Shangazi, ingawa hana undugu na yeyote kati yetu. Mikono yake mipana hujaa unga hadi viwikoni, na kidole cha shahada cha kulia kimeishia katikati. Ukimuuliza kiko wapi, kila siku kina safari mpya: mara kimeolewa, mara kiko likizo. Donge likikwama, hatumbukizi mkono ovyo. Huchomoa plagi, huitia mfukoni mwa aproni, kisha hugonga bakuli la mashine kwa mwiko: "Hodi humu!" Halafu hutega sikio. "Nyumba za watu unaingia ukijibiwa," hutuambia, "humu unaingia usipojibiwa." Nasi hucheka mpaka unga unatupalia.

Juzi pete ya bosi ilimponyoka ikatumbukia ndani, mashine ikizunguka. Akapeleka mkono bila kutazama, kama mtu anayetafuta sabuni bafuni. Mwiko wa Shangazi ukamshukia mkononi, paa! Sote tukanywea.

"Umenipiga!" bosi akang'aka, akiupuliza mkono.

"Nimekupiga, mwanangu. Hesabu vidole kwanza, halafu unifukuze kazi."

Akavihesabu kweli, mbele yetu, na kile cha shahada akakirudia. Kisha akainama, akachomoa plagi mwenyewe, akaitia mfukoni, akagonga bakuli kwa haya.

"Hodi?"

Ndani kimya.

"Haya," akasema Shangazi, "sasa karibu."