Mawe Yaliyotembea

Harufu ya chokaa mbichi imenirudisha nyuma. Vijana wa barabara wamefika mbele ya duka langu hapa Isiolo. Wameshajenga njia ya waendao kwa miguu na nyingine ya baiskeli, na mahali pa basi kusimama bila kuziba wengine. Leo wanapaka chokaa mawe ya ukingo. Nimekaa mlangoni na fimbo yangu, nikanusa, nikajiona mtoto tena, nimeshika brashi ya katani.

Baba alitoka Meru akafungua duka hili kando ya barabara kuu. Wakati huo, wenye maduka walikuwa na desturi moja. Kila mmoja alipanga mawe meupe mbele ya duka lake, na nyuma ya mawe hayo hakuna aliyeweka mguu ila mteja. Kila Jumamosi niliyapaka chokaa. Nikimaliza, Baba alisema, "Sasa sogeza kidogo," nami niliyasukuma mbele kiasi cha unyayo wangu. Jirani akiona, naye alisogeza yake. Nilijivuna sana. Niliona duka letu linakua na mimi ndiye ninayelikuza.

Mama Halima alipita hapo kila asubuhi, galoni ya maziwa ya ngamia mgongoni, akienda kuwahi basi la Nanyuki. Kulikuwa na hoteli huko iliyoyasubiri maziwa yake. Basi likimwacha, yaliharibika kwa jua, na hayo ndiyo yaliyomlisha yeye na wanawe. Kila akipita aliniita kijana ya duka na kunichekesha.

Asubuhi moja ya siku ya soko, mawe yetu yalikuwa yamefika kwenye lami. Kulikuwa na mbuzi, mikokoteni na malori, na kondakta alikuwa akipigapiga ubavu wa basi kuita abiria. Mama Halima alikuwa katikati ya hayo yote. Lori likapiga honi nyuma yake. Akaruka, mguu ukagonga jiwe letu, akaanguka. Maziwa yakamwagika juu ya chokaa yangu, meupe juu ya meupe.

Aliketi akilitazama lile jiwe.

"Kijana ya duka, hii jiwe yenu inatembea? Juzi ilikuwa kule mlangoni."

Baba akajibu akiwa ndani, "Mama, barabara ni ya magari. Uwe unaangalia."

"Na mimi nipite wapi, baba? Juu ya mabati yako?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Basi likaondoka. Akachukua galoni tupu, akarudi kwake mtaa wa Kiwanjani akichechemea, na tangu siku hiyo alipita upande wa pili. Jumamosi nilipaka mawe tena.

Duka lilipokuwa langu niliendelea vilevile. Nikaongeza turubai, kisha jokofu la soda nje. Ujenzi huu wa njia ulipojadiliwa mkutanoni nilisimama nikapinga, nikauliza wateja wangu wataegesha wapi. Ni goti tu lililonibadilisha. Lilipoharibika nilianza kwenda kanisani kwa fimbo, na kila Jumapili ilinibidi kushuka barabarani kati ya bodaboda, kwa sababu ya turubai za wenzangu na jokofu langu mwenyewe. Siku moja honi ililia nyuma yangu. Nikasimama pale pale, nikauliza kwa sauti, "Sasa nipite wapi?" Ndipo nilipojua nimewahi kuyasikia wapi maneno hayo.

Mama Halima alishafariki. Sikuwahi kumwomba radhi.

Leo kijana mwenye brashi amefukua jiwe kuukuu kwenye mchanga, chokaa imeganda tabaka juu ya tabaka.

"Mzee, hili ni lako?"

"Ni mimi niliyelileta hapo," nikamwambia. "Liondoe."

Wanawake wawili wenye magaloni ya maziwa walikuwa wanakuja wakiongea, bega kwa bega. Nikavuta fimbo yangu ndani ili wapite.