Nilimpa Bata Wimbo wa Mama Mkwe

Kosa ni langu. Si la mke wangu, si la shetani, ni langu mimi mwenye mdomo huu. Nimenyamaza mpaka nimechoka, na leo nasema. Jina langu naomba mnifichie, ndugu zangu.

Kazi yangu hapa Masasi ni kutafsiri filamu. Nachukua zile katuni za wanyama wanaosema na kuimba, naziingizia sauti za Kiswahili, watu wanawekewa kwenye simu na flashi, wanakwenda kuangalia na familia zao. Simba ni mimi, panya ni mimi, sungura jike ni mimi! Watoto wa mtaani kwetu Mkomaindo wananijua kwa sauti kuliko kwa sura.

Chumba cha kurekodia kiko uani, nimekizungushia magodoro ukutani. Upande wa pili wa ukuta ni bafu.

Mwaka jana mama mkwe aliletwa kutoka kijijini kwake Mnyambe, miguu imemvimba, akae karibu na hospitali. Kila asubuhi mke wangu alikuwa anamwogesha. Na kwetu mnajua wenyewe: mkwe akienda kuoga, mwanamume anaondoka uani. Hata kikohozi chake hutakiwi kukisikia. Nilikuwa naondoka, naapa! Nakaa barazani kwa jirani mpaka niitwe.

Siku moja kazi ilinielemea, wateja wananipigia simu kama nimewaibia. Nikajiambia, nikivaa hedifoni nitasikia nini? Nikabaki.

Nikasikia wimbo. Mama alikuwa anaigombeza miguu yake! "Miguu wee, nangu nimekupakeni mafuta, nangu nimekuvusheni Ruvuma, leo mwanigomea mlango wa bafu?" Nangu ni mimi, kwa Kimakonde. Anaimba, anagumia kwa maumivu, anacheka, na mke wangu anaitikia, "Twende, mama, twende."

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Mimi nilivua hedifoni nisikie vizuri.

Sasa katika katuni niliyokuwa naifanya kulikuwa na bata mzee anayeachwa nyuma na wenzake njiani. Wimbo wake ulikuwa umenishinda kabisa. Mungu anisamehe, nikampa ule! Mzima mzima, nikaiga na mkwaruzo wa sauti ya mama, na nangu yake.

Weee! Katuni ile ilipendwa mpaka nikaogopa. Newala wanaimba, Lukuledi wanaimba, mtoto akitumwa dukani anaigombeza miguu yake kwanza ndipo aende. Mimi navimba kichwa. Nyumbani tu sikuileta.

Ikaletwa. Jumapili, baada ya kula, mwanangu (nitamwita Zuhura) akaazima flashi kwa rafiki yake, tukakaa mkekani, bibi yake kwenye kiti. Nilipomwona bata anatokea nilitamani umeme ukatike. Siku hiyo haukukatika!

"Bibi!" Zuhura akaruka. "Bata anaimba kama wewe!"

Mama alicheka mwanzoni. Halafu akaacha kucheka. Akanigeukia, kwa adabu, macho chini.

"Baba Zuhura, wimbo huu nani kakupa?"

Ningesema nini? Niseme, mama, nilikaa ukutani nikakusikiliza ukioga? Kwa mama mkwe, maneno hayo hayasemeki. Lakini kunyamaza pia nilishindwa, mpumbavu mimi.

"Mama Zuhura ndiye aliyeniimbia," nikasema.

Mke wangu alinitazama. Akaelewa pale pale nilikuwa wapi siku ile. Nikangoja aniumbue. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Nisamehe, mama. Ni mimi."

Alinibebea! Akaona afadhali mama yake aamini kuwa mwanawe hatunzi siri, kuliko ajue mkwe wake alisikiliza maji yakimwagika mwilini mwake.

Tangu siku hiyo mama hakukubali tena mkono wa binti yake bafuni. Akaomba arudishwe Mnyambe kabla miguu haijapona. Mke wangu akimpelekea dawa, zinapokelewa na mtu mwingine mlangoni, naye anarudi hajaonana na mama yake.

Kwangu hagombi. Anapika, ananitengea, anauliza kama chumvi imetosha. Ningependa anitukane! Nikimwambia twende tukaseme ukweli, ananijibu, "Umvue nguo mara ya pili?" Nikisema ukweli namuumiza mama, nikinyamaza namzika mke. Na wimbo siwezi kuufuta. Kwangu nimeufuta, lakini kila nikitoka nje, kuna mtoto anaigombeza miguu yake.

Juzi nilikwenda Mnyambe peke yangu, nimejikaza niseme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiwe unakaa mbali na mimi. Wewe huna kosa, wewe ulipewa tu. Mwenye kosa ni yule niliyemzaa."

Nikashukuru. Nikanywa uji alionipa. Nikapanda gari nikarudi Masasi!

Enyi mnaochekesha watu kwa sauti za watu, kaombeni kwanza kwa mwenye sauti. Na ukikosea, sema saa ile ile, hata kama aibu itakuua, kabla mwenzako hajapiga magoti kwa ajili yako. Akishapiga, huna tena pa kutokea.

Nimewaambia ninyi nyote nisiowajua. Ninayepaswa kumwambia yuko Mnyambe, anaoga peke yake.