Sharti Ambalo Anaeli Hakulitamka

Dakta Mwanaidi alikuwa na kanuni moja, na mwanafunzi aliyeivunja hakumsamehe: kabla hujatamka hitimisho, tamka masharti yake. Ukisema programu haitakosea, sema kwanza haitakosea ikiwa nini. Katika shule yake ya uzamili pale Same, watu wazima wenye shahada walikuja kujifunza mantiki ya kompyuta, yaani kuthibitisha kwa hoja kwamba programu itafanya inachotakiwa kabla haijakabidhiwa watu. Kanuni ile ilirudiwa mpaka ikawa utani wa kantini. Mtu akiagiza wali, mwenzake anamalizia, "Ikiwa upo!"

Anaeli hakuitania. Kabla ya kurudi masomoni alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu wa kunyoosha shati na maneno yake pia. Aliishika kanuni muda wote wa masomo, akaiacha asubuhi moja tu, kijijini kwao Suji, mbele ya watu waliomlea.

Huko juu maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Zamu zilipangwa kwa mdomo, na ugomvi haukuisha. Anaeli akatengeneza programu ya kuzipanga. Alfajiri mwenye zamu hupata ujumbe kwenye simu. Akijibu kabla jua halijatoka, maji ni yake. Asipojibu, yanakwenda kwa anayefuata, na asiyejibu anarudi mwisho wa foleni. Kisha, katika tasnifu yake, akathibitisha, hatua kwa hatua, kwamba hakuna mwenye shamba atakayekosa maji. Uthibitisho ulikuwa sahihi, na sharti lake lilikuwa moja: simu ya kila mmoja iwe inapata mtandao nyumbani kwake.

Shangazi yake Ernesta, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliishi bondeni nyuma ya kigongo, mahali ambapo simu yake ya kitochi ilikaa kimya mpaka apande juu kanisani. Anaeli alilijua hilo vizuri. Akitaka kumsalimia kwa simu, alisubiri Jumamosi, siku ya ibada ya Wasabato.

Siku ya kuikabidhi programu, kijiji kilikusanyika na wageni wa shule wakakaa mbele. Mzee Ezekiel, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, akasimama.

"Mwalimu, sisi hayo ya mantiki hatukuyasoma. Tuambie kitu kimoja. Kila mtu atapata maji?"

"Atapata, mzee, ikiwa..."

"Ameanza!" mtu akapiga kelele nyuma. "Kwa ikiwa hata mimi nawaahidi mvua kesho. Ikiwa itanyesha!"

Watu wakacheka, hata wageni. Rodgers, mwanafunzi mwenzake aliyetoka Shighatini kuja kumsaidia, akamnong'oneza, "Kaka, wape jibu. Masharti waachie maprofesa."

Anaeli aliona haya, na haya hiyo ilikuwa na majivuno ndani yake. "Kila mtu atapata," akasema. "Imethibitishwa."

Makofi yakapigwa. Kwenye benchi la akina mama Ernesta alipiga vigelegele. "Huyo ni mwanangu mimi!"

Anaeli alijiambia kwamba suala la shangazi angelishughulikia wiki inayofuata. Wiki hiyo ikaja na kazi za shule, na iliyofuata vivyo hivyo. Hakuna aliyemzuia. Hakufanya tu.

Alirudi Suji mahindi ya watu yakitoa mbelewele, akiwa na habari kwamba tasnifu yake imekubaliwa. Shamba la Ernesta lilikuwa limekauka hadi kwenye mfereji. Mwenyewe alikuwa ndani akifunga mizigo, na binti yake Naomi alikuwa amekuja kumchukua, waende Kileo anakoishi na mumewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chai ipo, ila sukari nimeshaifunga kwenye mzigo."

"Shamba limekuwaje?"

"Magoti haya, mwanangu. Nikifika kanisani jua limeshatoka. Ujumbe ndio kwanza unaingia, na zamu imepita. Kila zamu nasema ijayo nitawahi."

"Kwa nini hukumwambia Mzee Ezekiel?"

"Alikuja mwenyewe, anataka kunifungulia maji. Nikamkatalia. Wewe ulisema kila mtu atapata, imethibitishwa. Mimi nikisema sipati, si nitakuwa nimekuita mwongo mbele za watu? Nikajua kosa ni langu."

"Kosa lake!" Naomi akadakia toka mlangoni. "Mama anapanda kigongo gizani, anaanguka, na wewe uko Same unapigiwa makofi."

Anaeli akamgeukia Ernesta. "Shangazi, kosa si lako. Pale mtandao haufiki, na programu haikujua. Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya mkutano."

Ernesta alimimina chai, akamsogezea kikombe, akarudi kwenye kamba ya mzigo. Alilikaza fundo polepole.

"Asante kwa kuniambia, mwalimu," akasema.

Tangu utoto wa Anaeli hakuwahi kumwita hivyo.

Anaeli alikwenda kwa Mzee Ezekiel akaeleza yote mbele ya kamati. Programu aliirekebisha mchana mmoja: mashamba ya bondeni yakapewa siku zao maalumu, bila kungoja simu. Ilikuwa kazi ndogo hivyo. Kule Same alimweleza mwalimu wake.

"Kwenye tasnifu sharti uliliandika," Dakta Mwanaidi alisema. "Nimelisoma. Kwa hiyo shahada ni yako, siwezi kukunyima."

"Basi nilikosea wapi, dakta?"

"Unaniuliza mimi? Maprofesa uliwaambia ukweli wote. Waliobaki na robo yake ni wale wanaokula mahindi."

Ernesta hakurudi Suji. Anaishi Kileo, kwenye joto asilolizoea, nyumbani kwa mkwe, na shamba lake analilima jirani. Mtandao huko upo wa kutosha. Anaeli akipiga, anapokea, anauliza hali, anamwita mwalimu.

Kutolitamka sharti lile kulimgharimu Ernesta shamba na nyumba yake. Anaeli naye kulimgharimu mtu pekee aliyekuwa akimwita mwanangu.