Rupia ya Shangazi Niliyoiosha

Miaka ile ya Ujamaa, huku kwetu milimani juu ya Lushoto, mtu aliyefanya biashara isiyo ya viazi wala kabichi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi nilinunua na kuuza sarafu za kale, nyingi za enzi ya Wajerumani. Watani wakaniita bepari wa mahela mabovu, na balozi wetu wa nyumba kumi alinisimamisha njiani siku moja kuniuliza kama huo si unyonyaji. Nikamwambia ninamnyonya Mjerumani aliyekufa zamani. Akacheka, akanipisha.

Nilianza baada ya Uhuru, tulipopata shilingi yetu wenyewe na watu wakatoa vya zamani masandukuni. Wanunuzi walikuwa wachache: mwalimu wa kigeni mmoja, wageni wa kupita, na juu ya wote Mhindi mmoja wa Tanga, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akipanda mlima siku za gulio. Huyo ndiye aliyekuwa mkusanyaji hasa. Sarafu aliishika ukingoni kwa vidole viwili, kama unavyomshika kifaranga wa siku moja. Mimi nikadhani ni madaha tu ya watu wa mjini.

Basi shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyekaa upande wa Bumbuli, akaniita. Alikuwa na rupia moja ya fedha. Babu yangu aliipata kwa kuwabebea Wajerumani mizigo, na tangu afe ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kaniki chini ya godoro. Sasa nyasi za paa la shangazi zilikuwa zimeoza na masika yako karibu. Alitaka bati. Akanikabidhi rupia ile kwa mikono miwili, akaniagiza nimtafutie mnunuzi mwenye adabu.

Ole wangu na kiherehere changu! Kwetu mgeni hapewi kikombe chenye doa. Hata sufuria ya kuazimana hurudishwa inang'aa. Ningempelekaje mtu kitu cheusi vile? Nikaketi mferejini na majivu laini ya jikoni na nusu limau, nikasugua asubuhi nzima. Weusi wote ukatoka. Mfalme wa Kijerumani aliyechongwa usoni pake, mwenye ndege juu ya kofia, akatokeza mpaka masharubu. Nikajiona fundi wa mafundi.

Siku ya gulio nikamwekea Mhindi mezani, kifua mbele. Akaitazama kwa lenzi yake, akaiweka chini taratibu, akauliza nani ameiosha. Nikasema ni mimi, tena kwa majivuno. Akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akanieleza kwamba ule weusi ndio umri wa sarafu, na mimi nimeuchuna wote na kuacha mikwaruzo. Hakuna mkusanyaji ambaye angeitaka tena. Kilichobaki ni bei ya fedha ya kuyeyusha, ambayo isingefunika hata kibaraza cha shangazi.

"Kijana," akasema, "katika kazi hii sote tumewahi kukosea. Kuficha kosa ndiko kunakomtoa mtu kazini. Usiuguse uso wa sarafu. Ukiugusa, sema."

Nilipanda kurudi nyumbani. Na ninaungama hapa: sikusema. Niliitundika rupia juu ya mafiga, karibu na mahindi ya mbegu, moshi uifukize. Siku ya tatu ilikuwa nyeusi tena, ukiitazama kwa haraka. Nikamkumbuka yule mwalimu wa kigeni, aliyekuwa ameniomba rupia kitambo na asiyejua kuichunguza. Nikaenda kwake. Akanikaribisha chai, akaipindua mkononi, akanirudishia bila kuiangalia sana.

"Mimi sijui chochote kuhusu hizi," akasema. "Nakuamini wewe. Ni nzuri?"

Laiti angenibishia bei! Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia yote, majivu, limau na moshi, nikaaga na rupia ya shangazi mfukoni. Nilikuwa na aibu, lakini miguu ilikuwa myepesi ajabu.

Kesho yake nikashuka hadi kwa shangazi. Nilimkuta akipukuchua maharage. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Nikamweleza, kisha nikatoa rupia yangu mwenyewe, ya aina ileile, nyeusi, haijaguswa. Niliipata kwa mzee mmoja wa Mazinde mwanzoni kabisa, na nilikuwa nimeapa sitaiuza. Nikamwambia hiyo ndiyo ya kununulia bati, na ile niliyoiharibu nitabaki nayo mimi.

Shangazi akanisema kwa Kishambaa, na maneno yake sitayaandika hapa. Alipotulia aliichukua ile niliyoisugua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaifuta masizi ya moshi kwa pindo la kanga mpaka ikang'aa.

"Ya kwako ikauzwe," akasema. "Hii ya baba inabaki hapa. Ulifikiri utaniharibia kitu halafu uondoke nacho?"

Nikacheka mpaka machozi, ingawa sehemu ya machozi yale ilikuwa ya rupia yangu, jamani, niliipenda mno. Yule Mhindi aliinunua kwa bei ya heshima, mabati yakapanda juu, na masika yalimkuta shangazi mkavu.

Kumbe alikuwa hajamalizana nami. Kila mgeni aliyeingia chini ya mabati yale, awe wa kanisani au wa sokoni, alioneshwa rupia inayong'aa na kusimuliwa uhodari wa mtoto wa kaka yake, tangu majivu hadi rupia niliyomlipa, bila kupunguziwa hata limau. Nilitaka ardhi inimeze. Nikajua biashara yangu imekwisha. Lakini wale wageni wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja, kutoka vijiji ambavyo sikuwahi kuvikanyaga, na vifundo vyao vya kaniki. Walinikabidhi sarafu za wazee wao bila shahidi wala karatasi, na kabla hata sijawakaribisha kiti walikuwa wameshaniambia, "Hii usiioshe."